Fani na Maudhui ya Karata Sitini: Jaribio la Kumpatia Mbegha Nafasi

Najua wako watakaoguna. Kurasa hizi zimezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani, na mara mojamoja ngonjera. Sasa anakuja mtu na karata! Tena si karata za wahedi na sitini wala arubastini ambazo kila kijiwe kinazijua, ila karata za kigeni zenye picha za majoka na wachawi. Namwomba msomaji asifunge kijarida. Ninachotaka kukihakiki ni kazi ya sanaa iliyochukua maneno yetu ikawapa wahusika wake, pamoja na kazi yangu mwenyewe, maana nilijaribu kuijibu kazi hiyo nikiwa likizo nyumbani Lushoto, nikashindwa, nikajaribu tena. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi nitajinyoa hivyohivyo, na wasomaji wakiona damu waniambie.

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Uliasisiwa na Mmarekani Richard Garfield na ukatoka mwaka 1993. Tofauti yake na karata tulizozizoea ni hii: hakuna paketi moja ya wote. Kila mchezaji huja na seti yake aliyoiunda mwenyewe, yenye karata zisizopungua 60, akichagua katika maelfu zilizokwisha kuchapwa. Karata ya jina moja haziruhusiwi kuzidi nne, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Ardhi ni za aina tano, yaani tambarare, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu, na kila moja humpa mchezaji nguvu ya rangi yake ya kulipia karata nyingine. Kila zamu unaruhusiwa kuweka ardhi moja tu. Unaanza na karata saba mkononi na uhai 20, na kazi yako ni kuufikisha uhai wa mwenzako sifuri kabla hajaufikisha wako.

Kwa hiyo mchezaji ni mtunzi kabla ya kuwa mchezaji. Wapo wanaochagua karata ili washinde, basi. Wapo pia wanaotaka karata zao zote ziseme jambo moja: seti ya maharamia watupu, au ya paka, au ya wafu waliofufuka. Hii nitaiita seti ya dhamira, na ndiyo inayonihusu. Anayeunda seti ya dhamira anafanya kazi ileile ya mhariri wa diwani: achague nini, aache nini, na nini kirudiwe.

Mwenye shaka kwamba karata ni suala la lugha na aanzie na karata za kawaida. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno ya Kireno. Turufu nayo ni ya Kireno. Hata neno karata lenyewe. Wazee wa pwani waliupokea mchezo wa wageni, wakayatafuna majina mpaka yakawa na ladha ya hapa. Kamusi za zamani zinatuambia pia kwamba karata yenye sura ya mtu iliitwa mzungu, na mfalme alikuwa mzungu wa nne. Ni utani au ni uchambuzi wa siasa? Sijui, lakini napenda kuamini kuwa aliyeanza kusema hivyo alikuwa anacheka. Muhimu ni kwamba safari ile mchezo ulikuwa wao na majina tukayageuza sisi. Safari hii majina ni yetu na wamegeuza wao.

Oktoba 1996 ilitoka seti ya karata 350 iitwayo Mirage. Visa vyake hutokea Jamuraa, bara la kubuni ambalo mandhari na watu wake vimetoholewa waziwazi kutoka Afrika. Binamu yangu aishiye ng'ambo alikuja Krismasi na boksi zima la karata hizo pamoja na za seti iliyofuata, Visions ya 1997, akaliacha nyumbani kwa sababu mzigo wake ulikuwa umezidi kilo. Mimi na mdogo wangu tulizimwaga mkekani siku ya mvua, tukaanza kusoma majina. Jabari. Rashida. Zuberi. Hakim. Mtenda. Afiya. Shauku. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, hawa wametoka Tanga?"

Swali halikuwa la kijinga. Zuberi kwetu ni jina la baba wa watu. Katika Mirage ni mnyama mwenye mwili wa simba na mabawa ya ndege. Hakim ni mfumaji wa simulizi, na hapo walau wamekaribia. Lakini katika seti hiyohiyo yumo Taniwha, zimwi la majini la Wamaori wa New Zealand, na katika Visions yumo orangutani, nyani mkubwa ambaye makazi yake ni misitu ya Borneo na Sumatra. Kwa kipimo cha mandhari, ambacho ndicho kipimo cha kwanza tunachofundishwa, hii ni kazi iliyovuja. Ukitaka nyani wa msitu wa Afrika, njoo Magamba umtazame mbega, mweusi mwenye manyoya meupe mabegani kama mzee aliyejifunga shuka. Hakuna haja ya kumsafirisha maskini orangutani kutoka Asia.

Hata hivyo nisiwe mhakiki wa kuhesabu makosa tu. Mirage ina jambo moja la kifani ambalo nimelistahi. Chini ya karata nyingi kuna maneno ya mlazo yasiyo na kazi yoyote katika mchezo. Yapo kwa ajili ya ladha. Katika Mirage baadhi ya maneno hayo ni vipande vya shairi moja, The Love Song of Night and Day, lililotungwa kwa ajili ya seti hiyo na kutawanywa katika karata mbalimbali. Msomaji analikusanya shairi kwa kukusanya karata. Mbona jambo hili tunalijua? Ni jina la kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, mstari mmoja tu, usioongeza joto wala kuzuia baridi, na bado ndio unaomfanya mama anunue ile na aiache hii.

Sasa nimfikie Shauku, maana huyu ndiye aliyenifanya niandike.

Shauku, Endbringer ni karata ya rangi nyeusi: mnyonya damu arukaye, mwenye nguvu tano na kinga tano, ghali mno, analipiwa nguvu saba. Nilipoona jina nilikasirika. Shauku ni neno zuri, neno la barua za mapenzi. Vipi limekuwa la mnyonya damu? Nilitaka kuandika makala ya hasira tupu. Kisha nikasoma kanuni zake. Kila mwanzo wa zamu yako, ukiwa na Shauku, unapoteza uhai tatu. Hawezi kushambulia maadamu kuna kiumbe mwingine yeyote mezani, awe wako au wa adui. Na anao uwezo wa kumwondoa kiumbe mmoja mchezoni, na kila amwondoapo yeye huongezeka nguvu.

Soma tena taratibu. Shauku humla mwenyewe kwanza. Ukiwa na uhai 20 na usijishughulishe, kufika zamu ya saba amekumaliza. Hatulii mpaka abaki peke yake, na kila anachokiondoa kinamnenepesha. Waliounda karata hii huenda walilichukua neno kwenye kamusi kwa uzuri wa sauti yake tu. Hata kama ni hivyo, kilichotokea ni istiara kamili. Haya ndiyo Shaaban Robert aliyoyafanya kwa makusudi maisha yake yote: katika Kusadikika anayemshitaki Karama ni Majivuno, na Utubora ana jina lililounganishwa kwa utu na bora, naye analiishi. Jina la mhusika ni ahadi, na matendo yake ni malipo. Shauku wa Mirage amelipa deni.

Mtenda Lion hakulipa. Huyu ni simba mdogo, rahisi, analipiwa nguvu moja tu ya kijani. Neno mtenda limetumika kama jina tu, bila maana. Sisi tuliokaa darasa la sarufi tunajua mtenda ni nani: ndiye afanyaye tendo, na upande wa pili yuko mtendwa. Lakini simba huyu akishambulia, adui anaweza kulipa nguvu moja ya buluu, na simba akawa kama hakung'ata. Mtenda gani anayezuiwa kutenda kwa senti moja!

Ndipo nikasema nitawaonyesha. Nitaunda seti ya dhamira iliyo bora kuliko Jamuraa yao, kwa karata zilezile, na dhamira itakuwa ya kwetu: Mbegha na kuanza kwa utawala wa Wakilindi. Vitabu nilikuwa navyo. Nilikuwa na Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi katika toleo lililohaririwa na J. W. T. Allen mwaka 1962, na nilikuwa nimemsoma Steven Feierman, mwanahistoria aliyeandika juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974. Mfalme wa Usambara aliitwa Simba Mwene. Basi nikakusanya kila simba na jamaa zake: Mtenda Lion wanne, Savannah Lions wanne, Jamuraan Lion wanne, King Cheetah wanne. Zile ambazo hatukuwa nazo kwenye boksi tulizitengeneza kwa manila, tukaandika kwa maki peni. Mashindanoni hawakubali karata za mkono, lakini mkekani kwetu refa alikuwa bibi. Juu ya kila simba nilibandika jina la Kishambaa. Seti nikaiita Simba Mwene. Ilikuwa kali: michezo saba, nikashinda mitano.

Bibi alikuwa anachambua maharage ya makande, anatusikia. Akaniita.

"Mjukuu wangu, huyu simba anafanya nini hapa?"

"Anashambulia, bibi."

"Anamshambulia nani?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni Mbegha, kwa kuwa mfalme ni simba. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mbegha aliua simba. Wewe umemfanya simba ndiye Mbegha. Aliitwa simba watu walipokwisha kula. Kabla ya hapo alikuwa mgeni mwenye mbwa, anaomba pa kulala."

Niliona aibu, nakiri. Kitabu nilikuwa nacho begani, tena nimekipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na bado nilikuwa nimesoma jina nikaacha tendo. Kosa lilelile nililowatuhumu watu wa Mirage nimelifanya mimi, Mshambaa, nikiwa Lushoto, hatua chache kutoka jikoni kwa bibi anayekijua kisa chote. Na hata hicho kisa alinisimulia kwa Kiswahili, maana Kishambaa changu kinaishia kwenye salamu na chakula. Nilimjua Shauku wa Jamuraa siku moja kabla sijamjua Mbegha.

Kisa, kwa wasiokijua, ni hiki kwa ufupi. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka nchi ya Ngulu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yalitangulia, na nduguze wakamnyima urithi. Akatangatanga na mbwa wake akiwinda nguruwe. Akafika Kilindi, akapendwa, lakini mtoto wa mkubwa wa pale akafa katika mawindo aliyokwenda naye, akakimbia. Akapanda milima ya Usambara. Huko watu walikuwa na mashamba yanayoharibiwa na nguruwe. Yeye akawaua nguruwe, akawapa nyama, wao wakampa vyakula vya shamba. Bumbuli akapewa mke. Vugha wakamwita, akaua simba, wakampa nchi. Feierman ameonyesha vizuri jinsi kubadilishana huku nyama kwa chakula cha shamba kulivyo uti wa mgongo wa kisa: mtu wa nyika analeta kisichopatikana mlimani, mlima unamgeuza mwenyeji.

Sasa, fanya hivyo kwa karata! Mchezo umejengwa juu ya kupunguza uhai wa mwenzako, na shujaa wangu alishinda kwa kugawa nyama.

Tatizo la pili ni la muundo. Kisa kina mwanzo, kati na mwisho, na karata zinachangwa. Unaweza kufunua Vugha kabla hujatoka Ngulu. Nilikaa na tatizo hili siku mbili, mpaka nikakumbuka somo la fasihi simulizi. Mulokozi, katika makala yake ya tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika Mulika mwaka 1989, anasisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio, lina fanani, hadhira na muktadha wake. Haliko kwenye karatasi. Bibi naye hasimulii kwa mpangilio uleule kila mara. Ana hazina ya vipande: mbwa, kigego, nguruwe, simba, mke wa Bumbuli. Siku nyingine anaanza na simba kwa sababu mtoto amelia. Seti ya karata ni hazina, mchezo ni utendaji. Hadhira ipo, tena hadhira inayokukatiza.

Lakini hazina ina namna ya kuelekeza msuko bila kuulazimisha, nayo ni bei. Kwa kuwa unaweka ardhi moja tu kila zamu, karata ya nguvu moja itatoka mapema na ya nguvu sita itatoka mwishoni, hata ikija mkononi mapema, itakaa ikingoja. Kwa hiyo mwindaji na wanyama wadogo lazima wawe wa bei ya chini, na ufalme uwe ghali. Idadi nayo ni takriri. Karata uliyoiweka mara nne utaiona katika saba zako za mwanzo takriban mara 40 kwa kila michezo 100. Uliyoiweka moja, kama mara 12. Kitu unachotaka hadhira ikisikie kila siku kiweke nne. Kitu cha kushtukiza kiweke kimoja. Hili wachezaji wazuri wanalijua bila kusoma uhakiki, na washairi wetu wa vibwagizo walilijua kabla yao.

Nikaanza na ardhi. Hapa nilikuta upofu wa mchezo wenyewe. Katika karata hizi mlima hutoa nguvu nyekundu, rangi ya moto na mawe na hasira. Aliyebuni aliona mlima kama volkano. Mtu aliyepanda barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, akaingia ukungu na baridi ya mita 1,400 na ushei, hawezi kukubali. Mlima wetu ni msitu. Nikaacha karata zote za mlima, nikachukua misitu 14 iwe Shambaai, yaani nchi ya Washambaa ya juu, na tambarare 10 ziwe nyika alikotoka Mbegha. Washambaa wenyewe huigawa dunia hivyo, juu na nyika, na bila kukusudia nimepata rangi mbili, kijani na nyeupe, zinazotegemeana kama nyama na chakula cha shamba. Ukikosa moja unakaa na karata nzuri usizoweza kuzilipia. Hapa nadiriki kusema nilifaulu.

Kisha nikatafuta karata inayogawa. Ilikuwa kwenye boksi lilelile: Afiya Grove. Ni kichaka kinachokuja na nyongeza tatu za nguvu. Kila zamu yako kinatoa moja kumpa kiumbe umtakaye. Kikimaliza, kinakufa. Hakina shambulio, hakina kinga, kinagawa tu mpaka kiishe. Nikakiweka mara nne. Jina lake safari hii sikulibadilisha, maana afya ni afya.

Simba nikawapunguza wote, akabaki Mtenda Lion mmoja, wa kuuawa. Silaha ya kumwulia ni Swords to Plowshares, karata nyeupe ya nguvu moja, ya tangu 1993. Inamwondoa kiumbe mchezoni, na mwenye kiumbe huyo anaongezewa uhai sawa na nguvu za aliyeondolewa. Bibi, ambaye ni Mlutheri wa siku nyingi, niliposoma jina lake kwa Kiswahili alinyanyua kidole akasema, "Isaya." Ni ileile habari ya panga kufuliwa kuwa majembe. Karata hii inaua na kulisha kwa pamoja. Ukimwelekezea simba wako mwenyewe unapata uhai mbili, jambo ambalo mchezaji wa kushinda hatalifanya, na kwa Mbegha ndilo hasa lililotokea: amemwua simba, akala heshima yake. Ngiri nao wakaingia wanne, karata ya Visions iitwayo Warthog, kwa ajili ya nguruwe. Nikaongeza Howling Mine tatu, kifaa kinachowafanya wachezaji wote wawili wavute karata ya ziada kila zamu. Niliuita mlango wa Vugha: anayeingia anakula, awe mwenyeji awe mgeni. Nafasi zilizobaki nikazijaza viumbe vya kijani na vyeupe vya bei ya katikati, nisiwachoshe wasomaji kwa majina yao.

Nilicheza michezo sita, nikafungwa yote sita.

Mdogo wangu, ambaye hajasoma Mulokozi wala Feierman, alitoa uhakiki kwa sentensi moja. "Kaka, seti yako inamlisha adui."

Hapa ndipo wenzangu wa darasa tulipogawanyika nilipowasimulia. Mmoja alisema kufungwa si hoja. Seti ya dhamira ipimwe kwa dhamira. Mimi nasema hapana. Tumefundishwa kuwa fani na maudhui ni sura mbili za sarafu moja, na tunaandika hivyo kwenye kila mtihani, halafu tukikuta kazi yenye dhamira njema tunaisamehe fani yake. Ni tamthiliya ngapi za siasa tulizozisifu ambazo hakuna kikundi kilichoweza kuziigiza mpaka mwisho bila watu kusinzia? Seti isiyoweza kuchezwa ni tamthiliya isiyoigizika. Tena kwa Mbegha kosa ni la maudhui pia. Yeye hakugawa nyama akafa njaa. Alipewa chakula. Seti yangu ilitoa bila kupokea, yaani nilikuwa nimeelewa nusu ya kisa.

Marekebisho mengi yaliyofuata ni ya mdogo wangu, na sitaki kumnyang'anya sifa. Alisema Howling Mine zibaki moja, kwa kuwa adui mwenye karata za bei rahisi hunufaika zaidi. Alisema kichaka kinagawa vizuri lakini hakina wa kuwagawia, kwa kuwa viumbe vyangu vilikuwa vya bei ya katikati, vinakuja kichaka kimekwisha kukaa bure. Kweli tupu! Kichaka cha nguvu mbili kinaingia zamu ya pili. Kikianza kugawa zamu ya tatu lazima mezani pawe na mtu. Tukaongeza viumbe vya nguvu moja hadi vikafika 12. Humo Savannah Lions walirudi, ila sasa tukiwaita mbwa, maana ni wadogo, wepesi na wanatangulia. Hapo kichaka kikawa na maana yake: mbwa mdogo wa zamu ya kwanza, akilishwa mara tatu, anakuwa kitu cha kuogopwa. Anayepewa anarudisha. Tangu hapo tumecheza michezo tisa, seti ikashinda minne, na mitano iliyofungwa ilifungwa kwa shida.

Liko jambo moja ambalo bado linanisumbua kama mhakiki. Washambaa wana misemo miwili ambayo Feierman aliifanyia kazi kubwa katika kitabu chake cha 1990: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Mfalme mwenye nguvu zisizo na mpinzani aliiponya nchi, mvua ikanyesha. Wakubwa wakishindana nguvu kwa nguvu, nchi iliharibika, njaa ikaingia. Katika karata hizi kubana shi kumejaa tele. Stone Rain, mvua ya mawe, ipo tangu 1993 na huharibu ardhi moja ya adui; mkulima wa kabichi wa Lushoto haitaji maelezo. Na mchezo wenyewe, kwa asili yake, ni wakubwa wawili wenye nguvu kwa nguvu. Je, seti yoyote inaweza kusema kuzifya shi ndani ya mchezo ambao kanuni yake kuu ni kubana? Nadhani inaweza kusema kwa nusu mdomo tu, na msomaji mwenye seti bora kuliko yangu na anijibu katika toleo lijalo.

Karata ya 60 haijapata mtu. Tumefika 59 na nafasi ya Mbegha mwenyewe iko wazi. Tulijaribu Jabari, tukamtoa. Ni askari wa farasi, na Mbegha alikwenda kwa miguu. Mdogo wangu anataka Shauku aingie, pamoja na vinamasi vitatu vya kumlipia. Anasema ndiye karata pekee kwenye boksi inayotenda jina lake, na kwamba mimi mwenyewe nimekiri. Ni kweli nimekiri. Lakini Shauku hawezi kufanya kazi mpaka wengine wote waondoke mezani, na nimetumia likizo nzima kuwaweka watu mezani.

Tulimwuliza bibi. Akasema Mbegha alipokufa wazee walificha, hawakuwaambia watu, mpaka Bughe mwanawe alipoletwa kutoka Bumbuli akakaa mahali pake. "Kwa hiyo msimwandike. Mwekeni kama yuko."

Tumeweka manila tupu. Kwa kanuni haifanyi chochote, na mdogo wangu kila akiivuta analalamika kuwa amepoteza zamu. Jana usiku aliivuta mapema, akaishika mkononi mchezo mzima bila kuitupa, na mimi, nisiyejua ni nini anachokificha, nikaogopa kushambulia.